Oili ya Mzee Shan

Trekta lilikuwa limeegeshwa likiangalia chini, na hilo ndilo jambo la kwanza lililomfanya Inspekta Luan Shuqin asiamini hata moja kati ya yale aliyoambiwa asubuhi ile.

Na aliambiwa mengi. Kituoni aliambiwa kwamba Shan Delu, dereva mstaafu wa Shamba la Mkondo Mweupe, ametoroka na mjane wa kambi ya wavuvi. Jirani wa ghorofa ya pili alisema si mjane, ni mwalimu wa kwaya, na akaapa. Sajenti Gong, aliyeendesha gari la polisi huku akitafuna mbegu za alizeti na kutema maganda dirishani, alisema mzee amekufa, kwamba katika baridi ya Heilongjiang, huku kaskazini mwa China, anayelala nje usiku mmoja haamki, na kwamba wenye akili zao wangerudi mjini wakanywe supu. Mke wa mzee, Fei Suzhen, alikuwa kiti cha nyuma akisikia yote hayo. Gong hakuwa na haya hata kidogo.

Fei Suzhen mwenyewe alizungumza mara moja tu, walipokuwa wakitoka barabara ya lami.

"Mwanangu Inspekta, sitakusumbua kwa mengi. Kama amekufa, nitamzika. Lakini baridi nzima hii amekuwa akiondoka, analala huko anakolala, anarudi ananuka moshi. Ananiambia anabeba matete ya watu. Sikumuuliza, niliogopa jibu. Sasa nataka kujua alikuwa anakwenda wapi. Ameniacha, au hakuniacha? Nijibu hilo tu."

"Nitakujibu, mama," Luan alisema.

Sasa walikuwa wamesimama kwenye tuta la mto, yeye, Gong, mama huyo, na Wei Jinbao, mkata matete aliyelikuta trekta na kuja kupiga ripoti. Walimpitia kambini kwake njiani ili awaonyeshe mahali. Luan alikuwa amemwomba pia debe la dizeli kwa akiba, na Wei akalitoa kwa uso wa mtu anayetoa figo.

"Liliteleza," Gong alisema, akilizunguka trekta na tela lake la matete lililofunguliwa pembeni. "Litazame lilivyoinama, kama mbuzi anayenusa maji. Upepo ulimfumba macho, akapoteza njia, likateleza, akashuka akaenda kwa miguu, akafia mbele huko. Kesi imekwisha, mkubwa."

"Lililoteleza haliwekewi mawe."

Gong akainama. Mbele ya kila gurudumu kulikuwa na jiwe, limesukumwa likakaa vizuri.

"Betri yake imechoka," Luan alisema. "Stata haina nguvu ya kuzungusha injini iliyoganda. Kwa hiyo analiegesha mteremkoni. Asubuhi anaondoa mawe, linateremka, anaingiza gia, linawaka lenyewe. Bonde hili ni bapa kama meza, Gong. Mteremko ni huu mmoja tu. Hakupotea njia. Alipatafuta hapa."

Babake Luan alikuwa dereva wa trekta wa shamba la serikali, na yeye mwenyewe alijua kulisikiliza trekta kabla hajajua kufunga kamba za viatu. Alivua glovu, akagusa mfarishi mzito wa pamba uliofunika boneti. Ulikuwa umefungwa kwa kamba pande zote, mafundo ya kufunguka kwa mkono mmoja. Akalala chali juu ya theluji, akajiburuta chini ya injini.

Koki ya rejeta ilikuwa wazi. Chini yake theluji ilikuwa na tundu jembamba lililokwenda mpaka kwenye udongo, kuta zake zimekuwa barafu ya kung'aa.

"Alimwaga maji yangali ya moto," alisema kutoka huko chini. "Yamechimba theluji. Alizima injini, akamwaga maji palepale, akafunika mfarishi. Anayekimbia hafanyi hivyo. Anayekufa hafanyi hivyo. Hufanya hivyo mtu anayelitaka trekta lake kesho."

Fei Suzhen alishusha pumzi, mvuke ukamfunika uso.

"Oili je?" Gong aliuliza, safari hii bila mzaha.

Luan alitoka, akachomoa kijiti cha kupimia. Kilikuwa kikavu.

"Haa!" Gong akaruka. "Wizi! Oili haimo!" Akamgeukia Wei Jinbao. "Na wewe ndiye wa kwanza kufika. Mzee alikukuta unaiba oili, ukampiga spana ya kichwa, sivyo? Mwili uko wapi?"

"Afande, mimi niibe oili chafu, niipeleke wapi? Niikaangie mayai?"

"Mwache," Luan alisema. "Hakuiba oili. Nati ya chini imerudishwa, imekazwa, imepanguswa kwa kitambaa. Mwizi wa oili akishafungua nati, anaiacha ilipoangukia." Akamgeukia Wei. "Hakuiba oili. Aliiba dizeli."

Wei akacheka. Hakuna aliyecheka naye.

Luan alikwenda nyuma ya gari, akalishusha lile debe la akiba, akalitikisa. Dizeli ikacheza ndani yake kama maji.

"Jinbao, wewe kila mtu anakujua. Unanunua dizeli ya vuli, ya bei rahisi, ndoo kwa ndoo, halafu baridi ikija unahangaika kuipasha kwa makaa. Mke wako ameshawatangazia watu mpaka kliniki. Dizeli ya vuli ikikaa nyuma ya gari katika baridi hii ingekuwa imeganda kama samli sasa hivi. Hii inacheza. Hii ni dizeli ya baridi kali, ya bei. Na tangi la Mzee Shan limekauka, na hapo pembeni ya kifuniko kuna matone."

"Dada, mimi..."

"Niite Inspekta."

"Inspekta, nilidhani ameshalitupa! Watu walisema ametoroka na mjane. Mtu akitoroka na mjane anahitaji dizeli ya nini?"

Gong alishindwa kujizuia, akatoa kicheko, kisha akamwona Fei Suzhen na akameza.

"Ulilikuta trekta lini?" Luan aliuliza.

"Leo asubuhi."

"Lini?"

Wei alichora theluji kwa ncha ya kiatu. "Jana asubuhi."

"Ulipotia mkono chini ya mfarishi injini ilikuwaje? Najua ulitia. Nani asingetia?"

"Ilikuwa... haikuwa moto. Ila haikuwa na ule ubaridi wa kung'ata. Ililala na joto."

"Kwa hiyo jana asubuhi mzee alikuwa karibu, na wewe ukanyonya dizeli ukaenda zako, ukakaa kimya mchana kutwa na usiku kucha. Jinbao, mzee huyu akifa, mimi na wewe tutazungumza lugha nyingine."

Mkata matete alivuta kofia mpaka kwenye nyusi. Macho yake yalijaa maji, na si kwa ajili ya upepo.

Luan akamwacha, akamfuata mama. Fei Suzhen alikuwa amesimama ukingoni mwa tuta akitazama mashamba yaliyolala chini, meupe mpaka mwisho wa macho. Hapo ndipo palipokuwa Kikosi cha Tisa, kijiji cha wafanyakazi wa shamba. Watu walikihama, wakahamia ghorofa za mjini, na katapila zikaja zikasawazisha kila kitu ili pawe shamba.

"Kisima kilikuwa pale," mama alisema bila kuulizwa. "Bafu la watu wote pale, Jumamosi wanawake, Jumapili wanaume. Pale duka la tofu. Nilipohama nilifurahi, Inspekta. Nilimwambia kila mtu nina choo ndani, nina maji ya moto, nina vigae vyeupe. Nilisema kwa sauti kubwa."

"Mama, mlipokaa hapa, oili ya trekta lake ilikuwa inalala wapi?"

Mama akamgeukia kama aliyeulizwa jina la mtoto wake.

"Ndani. Ilale wapi tena? Kila jioni ya baridi anaimwaga kwenye debe ingali ya moto, anaileta ndani, anaiweka juu ya kitanda chetu, upande wa moto. Ukiiacha kwenye injini, asubuhi inakuwa gundi. Nilimgombeza miaka yote. Mashuka yananuka oili, nywele zinanuka oili. Wewe hujui kitanda cha matofali, chenye moto chini?"

"Nimezaliwa juu yake, mama. Na ghorofani aliiweka wapi?"

Fei Suzhen alijifunga upya kitambaa cha kichwa.

"Baridi ya kwanza alileta debe mpaka mlangoni. Nikamwambia, sisi sasa ni watu wa mjini, debe hilo litapita juu ya maiti yangu. Akalirudisha chini. Hakulileta tena."

"Haya, sikilizeni," Luan alisema, akiwageukia wote. "Mzee aliimwaga oili kwa sababu alitaka ilale na joto. Ili ilale na joto pawe na moto. Debe la oili ni zito, na yeye ana miaka yake, kwa hiyo moto wenyewe uko karibu. Kambi ya wavuvi iko mbali mno. Sasa, Mama Fei, nyumba yenu ilikuwa wapi?"

"Safu ya mwisho, kule mashariki. Lakini mwanangu, waliibomoa. Nilikuwepo. Niliona paa linaanguka."

"Katapila hubomoa paa na kuta. Kitanda cha matofali kimekaa chini, kimeshikana na ardhi. Dereva wa katapila hupita juu, anakwenda zake."

Wakatazama wote. Hakukuwa na moshi. Lakini moto wa magunzi ya mahindi huwashwa alfajiri na jioni tu, katikati hapo matofali hufanya kazi yenyewe. Luan hakutafuta moshi. Alitafuta mahali theluji ilipokosa unene, na kule mashariki, kati ya vichuguu vyeupe vya kifusi, kimoja kilikuwa na kilele cheusi, kimelowa.

Wakati huo gari la polisi, ambalo Gong aliliacha likiunguruma ili lisipoe, likakohoa, likakohoa tena, likanyamaza.

Luan alimtazama Gong.

"Ulijaza wapi?"

"Kule kusini, nilipokwenda harusini. Ilikuwa bei nzuri."

"Umetia samli kwenye gari la serikali."

"Mkubwa, ilikuwa harusi ya shemeji yangu, sikuwa na akili ya—"

"Beba hilo debe la dizeli, Gong, nalo likapate joto. Na wewe Jinbao chukua sepetu. Twendeni."

Njia ilikuwa ngumu, theluji mpaka magotini, na upepo ule wanaouita Nywele Nyeupe ulikuwa umefuta kila unyayo. Karibu na kifusi, Luan aliona kwanza kipande cha plastiki, kisha mabua yaliyofumwa kuwa paa, kisha mlango. Mlango ulikuwa wa kibanda cha dereva wa mashine ya kuvunia, una kioo na mpini wake. Mtu alikuwa amejenga chumba kimoja, kidogo kama ghala, kuzunguka kitanda cha matofali ambacho katapila ilikisahau.

Luan akagonga kioo. "Mzee Shan!"

Sauti ikajibu kutoka ndani, kavu lakini yenye hasira. "Fungeni mlango upesi! Mnanitolea joto!"

Fei Suzhen alimsukuma Inspekta wa polisi kando kama pazia, akaingia.

Shan Delu alikuwa amelala kitandani, mguu mmoja umenyooshwa na kufungwa kwa kipande cha mbao. Uso wake ulikuwa wa majivu, midomo imepasuka. Alikuwa na rundo la magunzi aliloweza kulifikia kwa mkono, na lilikuwa karibu kwisha. Alimwona mkewe, akageuza macho.

"Jana alfajiri nilikuwa napeleka oili," alimwambia Luan badala ya mkewe, kana kwamba ndiye aliyemwuliza. "Nikateleza hapo nje. Nikasikia mfupa. Nikajiburuta kurudi. Simu ilikufa kwa baridi."

"Na oili?" Luan aliuliza.

"Niliiburuta pia. Ningeiacha nje?"

Debe lilikuwa pale, upande wa moto, limefunikwa koti la zamani. Fei Suzhen alilitazama debe, akamtazama mumewe aliyejibana ukutani upande wa baridi, ijapokuwa kitanda kizima kilikuwa chake.

"Umeweka debe mahali pangu," alisema.

"Palikuwa wazi," mzee akajibu.

Gong alikohoa, akatoka nje kutafuta kitu ambacho hakuna aliyejua ni kipi.

"Delu, kwa nini hukuniambia?"

"Nikwambie nini? Kwamba sipati usingizi? Yale mabomba yanapasha hewa, mgongo hayaupashi. Lakini wewe ulikuwa na furaha, Suzhen. Ulingoja vigae vile tangu ujana. Nilisema, atafurahi yeye, mimi nitakuja huku mara moja moja, nilale, nirudi."

"Furaha! Wewe mzee una macho? Mimi kila nikiamka huko juu natafuta mahali pa kuning'iniza mboga. Naweka mkono kwenye shuka, baridi. Nimekusifia ghorofa ile kwa sababu uliuza ng'ombe ukainunua! Ningelalamika, ungefanyaje?"

Hapo mzee alifumba macho. Machozi yalimtoka pembeni yakaingia masikioni, na hakuyafuta.

Luan alishika mguu wake. Kifundo kilikuwa cheusi na kimevimba, vidole vimepoa. Hakuwa na siku ya kungoja, na gari la polisi lilikuwa limeganda. Akatoka nje, akawapa amri.

Walichemsha theluji kwa magunzi yaliyobaki. Wei alibeba maji, Gong alibeba dizeli, na Luan mwenyewe alilikumbatia debe la oili chini ya koti lake mpaka kwenye tuta. Oili ilikuwa ya moto mpaka kifuani. Wei aliirudisha dizeli tangini, akaipiga pampu mpaka hewa ikatoka. Maji ya moto yakaingia kwenye rejeta, chuma kikalia. Oili ikashuka laini.

"Mawe!" Luan akaita kutoka kitini.

Wakavuta mawe. Trekta halikwenda. Gong na Wei wakaweka mabega nyuma, wakasukuma huku wakitukanana, magurudumu yakajinasua kwenye barafu, likaanza kuteremka pole, kisha kwa haraka. Luan akangoja mpaka karibu na mwisho wa mteremko, akaachia klachi. Injini ikagutuka, ikatema moshi mweupe, ikakata. Mteremko uliobaki ulikuwa mfupi. Akaikanyaga klachi, akaachia tena. Injini ikakohoa, ikadaka, ikanguruma, na ngurumo hiyo ikatanda juu ya mashamba yale ambayo, tangu watu wahame, hayakuwa yakisikia trekta katika baridi ila hili moja.

Walifunga tela, wakatandika matete, wakang'oa ule mlango wa mashine ya kuvunia, wakamtoa mzee amelala juu yake, wakamfunika mfarishi wa injini. Wei alipanda kumshikilia mguu. Alikuwa akiomba radhi mfululizo, na mzee hakujua anaombwa radhi ya nini.

Fei Suzhen hakutoka.

Luan alirudi. Pale palipokuwa na mlango, mama alikuwa ametundika turubai. Ndani, alikuwa amevua viatu, amekaa kitandani upande wa moto, miguu amekunja, kiganja kimelala juu ya matofali.

"Mama, twende. Hospitali watamkata mguu au watamfunga plasta, lazima uwepo."

"Atakuwa na madaktari. Mimi daktari?"

"Atakaa huko muda mrefu."

"Ndiyo sababu. Kitanda hiki kikipoa sasa, barafu itaingia kwenye matofali itayapasua. Nani atajenga tena? Yeye, na mguu ule?" Akavuta mabua ya paa yaliyoning'inia, akayavunja gotini. "Niletee magunzi. Mwambie huyo mtema maganda yako anisaidie kurudisha mlango."

"Mama, majira ya kupanda katapila zitarudi. Hapa ni shamba sasa."

"Nimeziona zilivyokuja mara ya kwanza. Zitanikuta nimekaa."

Luan alichuchumaa kando ya kitanda.

"Uliniuliza kama amekuacha," akasema.

"Hukunijibu, na sasa sihitaji." Fei Suzhen alikuwa akipuliza majivu, mgongo kwake. "Wewe niambie, ukifika kwenye tela akikuuliza mimi niko wapi, utamjibu nini?"

Luan alimwacha Gong pale na bunduki yake, mbegu zake za alizeti na amri ya kukusanya magunzi, na Gong akalalamika mpaka sauti yake ikapotea kwenye upepo. Kwenye tela Mzee Shan alikuwa ameinua kichwa, akitazama mashariki juu ya matete.

"Suzhen yuko wapi?"

"Yuko nyumbani," Inspekta Luan alisema, akaingiza gia.

Mzee akajivutia mfarishi usoni, akalia kwa sauti kama mtoto, na mpaka walipoifikia lami hakuna aliyemwambia anyamaze.